Heshima Hupanda, Heshima Hushuka

Mtu aingiaye nyumba kongwe ya mawe katika mtaa wa Mkomani, Lamu, akapita daka na kiwanda hadi ndani, huona ukutani safu za zidaka zilizotiwa nakshi kwa chokaa. Zamani zidaka hizo zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya China, na mwenye navyo alijulikana kuwa ni mtu wa uwezo. Katika magofu ya Pate na Manda vigae vya vyombo hivyo vingali vimefukiwa mchangani, na mwambaoni kote yako makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya namna hiyo hiyo. Hapana shaka, basi, kwamba China tuliijua zamani. Lakini tuliijua kwa vyombo vyake tu. Sahani tulizinunua, tukazitunza na kurithishana; mawazo ya watu waliozifinyanga hatukuyauliza.

Leo Wachina wamerudi, na mara hii hawakuleta sahani. Kampuni ya ujenzi ya China ndiyo iliyojenga magati ya bandari mpya ya Lamu katika Ghuba ya Manda. Twaona wakati umefika wa kuuliza lile ambalo wazee wetu hawakuliuliza: watu hawa hufundishana nini juu ya wema, juu ya jamaa na jirani, na juu ya utawala? Tukilijua hilo tutaweza kuwapima kwa pishi yao wenyewe. Na jambo lililo gumu zaidi, tutapaswa kujipima nasi kwa pishi yetu.

Mwalimu asiyebagua

Mwalimu mkubwa wa Wachina ni Kong Fuzi, ambaye mapadre wa Ulaya walimwita Confucius, na jina hilo likaenea duniani. Alizaliwa mwaka 551 kabla ya Nabii Isa (AS) katika nchi ndogo ya Lu, iliyo leo katika jimbo la Shandong, akafa mwaka 479. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mama katika hali ya dhiki. Alipata kazi serikalini, kisha akaiacha, akatembea miaka mingi nchi baada ya nchi akitafuta mtawala atakayesikiliza nasaha zake. Hakumpata. Akarudi kwao akafundisha hadi mwisho wa umri wake.

Hakudai kuwa ni mtume, wala sisi Waislamu hatumchukui kwa daraja hiyo. Alikuwa mtu aliyefikiri sana juu ya namna ya kukaa pamoja. Msingi wa mafunzo yake aliuita ren, neno ambalo kwa Kiswahili halipati mfasiri bora kuliko utu. Na njia ya kuuonyesha utu huo aliiita li, yaani adabu: namna ya kusalimia, ya kukaa mbele ya mkubwa, ya kuzika, ya kuoa, ya kupokea mgeni. Kwake adabu bila utu ni ganda tupu, na utu usio na adabu haujui pa kupitia. Mpwani yeyote aliyelelewa akalelewa vizuri ataona kwamba maneno haya si mageni kwake.

Wala haikuwa taabu kwa Waislamu wa China wenyewe kuyaelewa. Mwanazuoni Liu Zhi wa Nanjing, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 18, aliieleza dini ya Kiislamu kwa watu wa kwao akitumia lugha hiyo hiyo ya Confucius, na akayaweka mahusiano matano ya wanadamu kuwa ni sehemu ya wajibu wa Mwislamu baada ya haki za Mwenyezi Mungu.

Matano ya China, matano ya Siyu

Mahusiano hayo matano, kama yalivyopangwa na Mencius, mfuasi wa mafunzo hayo katika karne ya nne kabla ya Nabii Isa, ni haya: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, ndugu mkubwa na ndugu mdogo, rafiki na rafiki. Wachina waliona kwamba yakitengenea matano haya, nchi imetengenea. Serikali ni nyumba iliyotanuka, na nyumba ni serikali iliyo ndogo.

Msomaji wa Lamu hapa atakumbuka mara moja hesabu nyingine ya watano. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa sheikh wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi ambao hadi leo ni hazina ya lugha yetu. Humo alimweleza kwamba mja ahitaji radhi za watano: Mwenyezi Mungu, Mtume wake, baba, mama na mume. Hakuwa amesoma Confucius, bali alisoma dini yake na akaujua mji wake. Hata hivyo mama huyu wa Siyu na mwalimu yule wa Lu walikubaliana katika jambo moja kubwa, kwamba mtu hawi mtu peke yake. Utu wake hujulikana kwa namna anavyokaa na wale aliofungamana nao.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Katika mahusiano hayo matano ya Kichina, kila fundo lina ncha mbili. Confucius alipoulizwa juu ya utawala alijibu kwa ufupi kwamba mtawala awe mtawala kweli na raia awe raia, baba awe baba na mwana awe mwana. Tazameni mpango wa maneno hayo. Hakuanza na raia, wala hakuanza na mwana. Alianza na aliye juu. Mwenye daraja ndiye wa kwanza kutimiza wajibu, na heshima aipatayo ni malipo ya wajibu alioutimiza. Na Mencius akaenda mbele zaidi, akasema kwamba mfalme aliyeuacha utu amelipoteza na jina la ufalme. Anayemwondoa haondoi mfalme, huondoa mtu dhalimu tu.

Na sisi? Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya kundi lake. Mchungaji ndiye atakayeulizwa kwanza, wala si kondoo. Kwa hiyo asili ya mafunzo yetu nayo ni ya ncha mbili. Lakini mazoea yetu je? Mara ngapi tumesikia neno heshima likitamkwa na mkubwa kwa mdogo, na mara ngapi limetamkwa na mdogo kwa mkubwa bila ya kuitwa mtovu wa adabu? Katika nyumba ambamo binti amehifadhishwa utenzi wa Mwana Kupona, ndugu yake wa kiume amehifadhishwa nini? Haki za mke juu ya mumewe zimeandikwa katika vitabu vya fiqhi, nazo ni nyingi: chakula, mavazi, makazi na wema wa kukaa naye. Lakini hatujapata kuona zikiimbwa kwa mahadhi katika harusi kama zinavyoimbwa haki za mume.

Doa na msafishaji wake

Tuseme kweli, maana pasipo kweli tahariri ni makelele. Adabu ya zamani ya visiwa vyetu ilikuwa na doa. Utenzi huo huo wa Mwana Kupona wamwonya binti asichanganyike na watumwa ila katika saa za kazi. Ndivyo ulivyokuwa ulimwengu wake. Mji wa Lamu ulitawaliwa na baraza la wakubwa wa koo, lililoitwa Yumbe, nao walishauriana kwa adabu nzuri. Lakini waliokaa katika baraza hilo walikuwa waungwana peke yao. Mtumwa na mtu wa daraja ya chini hawakuwa na sauti humo, wala elimu ya dini haikufunguliwa kwao kwa ukamilifu.

Aliyekuja kulisafisha doa hilo alikuwa mgeni kutoka Ngazija, Sharifu Swaleh bin Alawy Jamalilail, ambaye sote twamjua kwa jina la Habib Swaleh. Alikaa upande wa Langoni, akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wafundishwe. Alilaumiwa kwa hilo, akavumilia. Msikiti wa Riyadha alioujenga, na Maulidi yanayosomwa hapo kila mwaka katika Mfungo Sita, ndiyo matunda ya uvumilivu wake. Alifariki mwaka 1935, na leo wajukuu wa waliomlaumu na wajukuu wa aliowafundisha husimama katika safu moja.

Confucius naye husimuliwa kuwa hakumrudisha mwanafunzi yeyote, hata aliyekuja na zawadi hafifu ya nyama kavu tu. Alishikilia kwamba ubora wa mtu hutokana na mwendo wake, si ukoo wake. Watu wawili hawa, wakitenganishwa na miaka zaidi ya elfu mbili na bahari nzima, walifanya tendo moja: walishusha heshima kutoka juu hadi chini. Na kwa kuishusha hawakuipunguza. Ni nani aliye na heshima zaidi Lamu leo, Habib Swaleh au wale waliomfungia milango?

Twiga wa Malindi

Tuje kwenye utawala. Mwanzoni mwa karne ya 15 mfalme Yongle wa China alipeleka merikebu kubwa Bahari ya Hindi chini ya Zheng He, amiri aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu huko Yunnan. Safari zilikuwa saba, tangu 1405 hadi 1433, na baadhi yake zilifika pwani yetu. Watu wa Pate na Siyu husimulia kwamba mabaharia wa China walivunjikiwa na chombo karibu na kisiwa chao, wakasilimu, wakaoa. Na mwaka 2013 watafiti waliochimba Manda walipata sarafu yenye jina la enzi ya Yongle.

Mwaka 1414 twiga alifikishwa China kutoka Bengal, na mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wake. Wachina hawakuwa wamepata kuona mnyama kama huyo, wakasema ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye hutokea tu wakati nchi inapotawaliwa na mtu mwema. Shangwe ikawa kubwa. Twiga wetu, aliyekuwa akijilia majani nyikani, akageuzwa kuwa hati ya ushahidi kwamba serikali ya China ni njema.

Kwa nini mfalme alihitaji ushahidi? Kwa sababu Yongle alikuwa amempokonya kiti mpwa wake, mtoto wa kaka yake, mwaka 1402. Alipoingia mji mkuu alimtaka mwanazuoni mkubwa wa mafunzo ya Confucius, Fang Xiaoru, aandike tangazo la kumtawaza. Mwanazuoni alikataa mbele ya uso wake, akauawa yeye na jamaa zake. Huyo ndiye aliyeyafuata mafunzo ya mwalimu wake kweli kweli, maana kwa Confucius kumtii mkubwa si kumwitikia kwa kila jambo. Waziri mwema ni yule amwambiaye mfalme kwamba amekosea.

Lakini Yongle naye tumpe haki yake. Maofisa walipotaka kumpongeza kwa ajili ya twiga wa kwanza, alikataa, akawaambia wajitahidi kutengeneza mambo ya watu, kwani nchi ikiwa na amani, awepo qilin au asiwepo, utawala mwema hautapungukiwa na kitu. Hata mtu aliyepata kiti kwa damu alijua kwamba mnyama si utawala.

Gati na wavuvi

Gati nalo ni twiga. Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikutana Lamu kuzindua ujenzi wa bandari na njia zake. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ni kazi kubwa, na mwenye macho hawezi kuikana. Wala sisi si katika wale wanaosema bandari ni balaa. Babu zetu waliishi kwa bandari. Pasingekuwa na bandari pasingekuwa na Lamu.

Lakini tuulize kama Confucius alivyouliza. Katika hadithi moja mashuhuri, mwanafunzi alimuuliza utawala wahitaji nini. Akajibu: chakula, silaha, na imani ya watu. Na ikibidi kuacha kimoja? Aache silaha. Na ikibidi kuacha kingine? Aache chakula, kwa sababu kufa kumekuwapo tangu zamani, lakini pasipo imani ya watu hakuna dola inayosimama. Hakutaja bandari, wala barabara, wala ikulu.

Imani hiyo iliharibikaje Lamu? Kazi ya kuchimba ghuba ilivuruga maji, ikaharibu mikoko na miamba, ikawafukuza wavuvi mahali walipotegea wao na baba zao. Wavuvi wa Lamu huvua kwa vyombo vidogo, na bahari kuu si yao. Watu wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba haki zao za mazingira na za utamaduni zimevunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati lilipofunguliwa, miaka mitatu baada ya hukumu, wavuvi walikuwa wangali wakingoja.

Hapa ndipo fundisho jingine la Confucius linapotuchoma. Alipoulizwa angeanza na nini kama angepewa nchi aitawale, alisema angeanza kwa kuyasahihisha majina. Mwanafunzi wake aliona ni jibu la ajabu. Lakini fikirini. Kama mkutano ambao mambo yamekwisha kuamuliwa unaitwa ushirikishaji, na ahadi isiyo na tarehe inaitwa fidia, na mtu asiyemsikiliza mvuvi anaitwa mtumishi wa umma, basi majina yamevunjika. Na majina yakivunjika watu hawawezi tena kuaminiana, kwa sababu kila mmoja asikiapo neno hajui nini kimo ndani yake.

Alisema tena kwamba ukiwaongoza watu kwa amri na adhabu watajiepusha na adhabu, wala hawatakuwa na haya. Ukiwaongoza kwa wema na adabu watakuwa na haya na watajirekebisha wenyewe. Sisi tumefundishwa kwamba haya ni sehemu ya imani, na twaitaka kwa binti zetu kila siku. Twaomba itakiwe na kwa wenye vyeo. Haya ya kiongozi ni kutoweza kulala usingizi ilhali hukumu ya mahakama imekaa mezani pake haijatekelezwa.

Pishi moja kwa wote

Wageni wetu nao hatuwasazi. Tunajua kwamba Confucius hakuheshimiwa nyakati zote katika nchi yake. Katika mapinduzi ya utamaduni yaliyoanza 1966 kaburi lake liliharibiwa. Baadaye heshima yake ikarudishwa, na mwaka 2005 taasisi yenye jina lake ikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni vizuri vijana wetu wajifunze Kichina. Lakini atumiaye jina la mwalimu huyo amejitwika mzigo wake pia. Mjenzi atokaye nchi ya Confucius hawezi kusema kwamba mambo ya wavuvi ni ya serikali ya Kenya peke yake, kwani mwalimu wake alimfundisha asimtendee mwenzake asilotaka kutendewa.

Ama sisi wenyewe, tuna kazi tatu. Ya kwanza ni ya nyumbani: kumfunza mtoto wa kiume wajibu wake kwa sauti ile ile tunayomfunzia mtoto wa kike. Ya pili ni ya mjini: kufungua mabaraza yetu kwa mvuvi, kwa kijana na kwa mwanamke, kabla jambo halijaamuliwa, kama Habib Swaleh alivyofungua darasa. Ya tatu ni ya siasa: kuacha kumpima kiongozi kwa ukubwa wa jengo alilolifungua na kumpima kwa ahadi alizotimiza.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate, nyumba zilizokuwa na taa na zulia na zidaka za vyombo vya China, akaona popo na nyasi. Aliyakusudia kuwa mawaidha kwa moyo wake. Lakini ni mawaidha kwa miji pia. Wakubwa wa Pate hawakukosa mali, wala hawakukosa sahani. Walikosa kupatana, wakapigana wao kwa wao hadi mji ukawaangukia.

Magati yatazeeka, kama zilivyozeeka kuta za Pate. Kitakachobaki ni kama watu wa Lamu, wakikumbuka zama hizi, watasema kwamba walitawaliwa na watu waliojua kuheshimu. Heshima hupanda kwa wepesi, kwa sababu aliye chini hulazimishwa kuipandisha. Kuishusha ndiko kazini, na hapo ndipo mkubwa hujulikana kama ni mkubwa au ni mrefu tu, kama twiga.